Kijiko, Tiketi

Asubuhi ya tisa, wodi ya wanaume, Kitete.
Baba anataka kijiko.
Anakinyooshea mkono wa kushoto
(wa kulia umelala juu ya shuka
kama kitu alichosahau mgonjwa aliyetangulia)
anasema: "Tiketi."

Nampa kijiko.
Anatikisa kichwa. Si mimi niliyekosea,
ni yeye, na anajua,
na kinachonikata ni huko kujua.

Daktari Lushinge, kijana, kalamu masikioni,
alichora mstari nyuma ya kadi ya dawa.
"Mshipa wa fahamu," akasema, akaukata katikati.
"Damu imevujia hapa.
Neno lipo. Njia ndiyo haipo."

Nilikesha na mstari ule.
Mpaka juzi niliamini nawaza moyoni.
Lugha ndiyo iliyonilea hivyo:
moyo ukanituma, moyo ukasita,
nikasema moyoni, nikaweka moyoni.
Moyo wa Baba ni mzima. Nimeutegea sikio:
treni ya mizigo, haina haraka, haina deni.
Haukupoteza hata neno moja
kwa sababu haukuwahi kukabidhiwa.

Miaka thelathini na moja alibadilisha njia
hapa hapa stesheni ya Tabora.
Vuta mkono wa chuma: Mwanza.
Rudisha: Kigoma.
Mpanda isubiri, Mpanda husubiri siku zote.
Aliwahi kuniambia, mafuta meusi kwenye kucha,
"Treni haijui iendako, Nyanzala.
Dereva naye anajua kidogo tu. Reli ndiyo inayojua."
Nilicheka. Nilikuwa na miaka minane na kaukau mkononi.

Sasa siwezi kutafuta neno "chumvi"
bila kusikia chuma kikihama gizani,
cheche ikirukia pengo jembamba kuliko unywele,
halafu jingine, halafu jingine,
na kabla sijatamka "mimi"
huyo mimi amekwisha pita stesheni.

Nimemtafuta humo ndani mtu wa zamu.
Hakuna kibanda. Hakuna taa ya kijani.
Njia zinabadilishana zenyewe,
kila moja ikimsikiliza jirani yake,
kama nyuki wa misitu ya Sikonge:
hakuna hata mmoja anayeijua asali,
na mzinga unajaa.

Inatisha kidogo, nakiri.
Kwamba hofu yenyewe hii
ni chumvi na umeme vikipita.
Kwamba mapenzi yangu kwa mzee huyu
yanaweza kuvuja usiku mmoja
yakalowesha mto.

Saa nne akaingia shangazi Kalunde kutoka Uyui,
chupa ya uji kwapani, vumbi mpaka magotini.
Kadi ya dawa hakuitazama.
Akawagombeza wauguzi, akamgombeza mgonjwa,
kwa Kinyamwezi, kile cha machungani,
cha watoto wawili na ng'ombe wa watu.
Akammiminia.

"Wabeja," akasema Baba.

Safi. Bila kujikwaa.
Shangazi hata hakushtuka; alikuwa anatafuta kifuniko.

Nje ya mji wanatandika reli mpya, pana,
ya treni ya umeme ambayo Baba aliikataa mpaka aione.
Ile nyembamba ya zamani bado ipo, majani yameiotea.
Neno limekuja kwa hiyo:
njia aliyotandikiwa na mama yake
kabla ya shule, kabla ya kazi,
kabla yangu.

Mimi sina njia hiyo.
Alisema Kiswahili kitanitosha, na kilinitosha,
hadi wiki hii.

"Shangazi, kijiko mnakiitaje?"
Ananiambia. Nalirudia, ulimi unateleza,
na nusu moja ya uso wa Baba
inanicheka.
Nalirudia tena.
Uji unapoa. Huku ndani, mahali nisipopaona,
mtu asiyekuwepo anashika mkono wa chuma.
Bado mzito.
Tena.